Kadi za ahadi na maswali tuliyoyaruka

Mkuu, umeuliza kama kuwafundisha vijana "subiri mpaka ndoa" kunazuia magonjwa ya zinaa. Kazi hiyo nimeifanya, ngoja nikupe nilichokiona.

Mwaka 2006 nilikuwa mwelimishaji rika, nimetoka kidato cha sita juzijuzi tu. Tunazunguka shule za sekondari na kadi za ahadi: mwanafunzi anasimama, anaisoma kwa sauti, anatia saini, anapigiwa makofi. Na mimi nilisaini, na ahadi niliitimiza (cheka tu). Kwa hiyo sisemi kusubiri ni upuuzi. Asiyefanya ngono kisonono atakitoa wapi?

Tatizo niliona kwenye sanduku la maswali. Lilikuwa boksi la viatu limetobolewa juu. Jioni moja tukalifungua: "Kukojoa usaha kunaisha kwenyewe?" "Eti kondomu zina vitundu?" Na nyingine ya penseli, herufi ndogondogo: "Kama ndugu ndiye aliyekulazimisha, ahadi imevunjika?" Mratibu akazipitia, akaziweka pembeni. Hayamo kwenye mwongozo, akasema, kesho tunaendelea na somo la pili. Yule wa usaha alihitaji kuambiwa neno moja tu, nenda zahanati, dawa ipo. Hatukumwambia. Wa penseli mpaka leo namuwaza.

Baadaye ndiyo nikaelewa miongozo ile ilikotoka. Sheria ya Marekani ya 2003 iliyoanzisha PEPFAR, mpango wao wa kufadhili vita dhidi ya UKIMWI nchi za nje, ilitaka theluthi moja ya fedha za kinga ya UKIMWI iende kwenye mahubiri ya kusubiri mpaka ndoa. Sharti hilo lililegezwa 2008. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakalinganisha nchi za Afrika zilizopata fedha hizo na zisizopata. Umri wa kuanza ngono, idadi ya wapenzi, mimba za utotoni: hawakuona tofauti. Na zilishatumika zaidi ya dola bilioni moja.

Halafu hiyo ndoa yenyewe. Shemeji yangu alisubiri kweli kweli, kanisa zima linajua. Kaswende alikutana nayo kliniki ya wajawazito, kipimo cha mahudhurio ya kwanza, kaletewa na mumewe. Kwenye kadi zetu hapakuwa na mstari unaosema mkapime wote wawili kabla ya harusi.

Binti yangu sasa yuko kidato cha kwanza. Namwambia asubiri, tena bila kumumunya maneno. Chanjo ya HPV, virusi vya zinaa vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, alishachomwa, na usaha ukitoka anajua unaitwaje na unatibiwa wapi.