Mkate wangu wa mumunye unabaki mbichi katikati

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko huku Mikindani, Mtwara, mvua zimeisha na mamumunye yamejaa shamba mpaka nagawa kwa majirani, basi nikajaribu kuyatia kwenye mkate wa sukari, juu umeungua na katikati ute kama uji, watoto wakaucheka. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, wache wacheke. Shida ni maji, mumunye ni maji matupu. Likune, nyunyiza chumvi kidogo, liache robo saa halafu likamue kwenye kitambaa, likamue haswa mpaka mkono uume, utashangaa kikombe kizima cha maji kinatoka! Ila kabla ya yote onja kipande kibichi, likiwa chungu tupa lote, hilo linaumiza tumbo.

Kwa unga vikombe 2 mimi natia mumunye lililokamuliwa kikombe 1, mayai 2, mafuta nusu kikombe, sukari robo tatu ya kikombe, beking pauda vijiko 2 vya chai na iliki, na korosho za kuvunjika, zile za bei rahisi, we unakaa Mtwara bwana huwezi kukosa. Ukishatia unga koroga kidogo tu, ukizidisha mkate unakuwa mgumu.

Na kuungua huko ni moto. Sufuria ya mkaa moto wa chini uwe mdogo, wa juu kwenye mfuniko pia usiwe mkali, dakika 45 hivi ndo uchome kijiti, kikitoka kikavu epua. Usikate ukiwa moto lakini.