Bibi Shamba Anajibu: Muyonza Hauzai Ukiwa Chini ya Panga

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya mahindi na nyanya. Barua za muyonza, ule mtandamboo wenye miiba na matunda meusi, zimerundikana, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Nimechagua tatu. Katikati yake kuna moja ya ziada inayohusu kichaka cha mbali zaidi, nimeitia kwa sababu nimechoka kusimamishwa njiani niulizwe habari zake.

Bibi Shamba, salaam. Mimi ni askari mstaafu, niko Bombo. Nilipostaafu nilizungushia boma langu muyonza, ng'ombe wa watu wasiingie. Wigo umefunga vizuri, hata kuku hapiti. Lakini huu ni mwaka wa tano na sijaona tunda. Kijana wangu anaupiga panga kila mwisho wa mwezi, umenyooka sawasawa. Wajukuu wanataka matunda. Tena jirani ameniambia huo mti ni sumu, wazee walikuwa wakipaka kwenye mishale, niung'oe kabla mtoto hajafa. Nifuate lipi?

Afande, salaam na kwako pia. Udongo wako hauna shida, na miche haina shida. Shida ni panga la huyo kijana.

Muyonza hutoa maua nchani mwa matawi. Tafuta muyonza wowote ambao haujaguswa, pale kando ya kichuguu au ukingoni mwa msitu, uutazame ukiwa umechanua. Vile vishada vya maua meupe, yenye wekundu kidogo kwa nje na harufu tamu inayokufikia kabla hujauona mti, vimekaa mwishoni kabisa mwa vijitawi. Sasa kijana wako anakata nini kila mwezi? Anakata hizo ncha. Mti unachipua upya, unajitayarisha kuchanua, panga linarudi. Ni sawa na kumnyoa mtu kila Ijumaa kisha ukamuuliza mbona nywele zake hazisukiki.

Kwa hiyo chagua. Wigo ulionyooka sawasawa ni mzuri kwa macho, na kama unachotaka ni hicho, endelea. Mimi binafsi siupendi, nauona ni kupoteza mti wa matunda. Ukitaka wajukuu wale, acha kukata kila mwezi. Upogoe mara moja kwa mwaka, mara tu matunda yakiisha, halafu panga likae ndani. Kama njia ni nyembamba na matawi yanachana nguo za wapitaji, gawa wigo: mwaka huu kata upande wa barabarani, upande wa ndani uuache, mwaka ujao ugeuze. Hivyo kila mwaka kuna upande unaozaa. Utakuwa na wigo wenye nywele timutimu, uvumilie.

Angalia pia kivuli. Sehemu ya wigo iliyo chini ya mwembe itazaa kidogo hata usipoigusa, kwa sababu muyonza unapenda jua. Na usiushindilie mbolea ya kuku ukidhani unauhimiza, maana utapata majani mengi ya kijani kibichi na maua ya kuhesabika. Wakati umechanua usipulizie dawa ya wadudu karibu, nyuki wanafanya kazi pale.

Sasa hilo la sumu. Jirani yako usimcheke, maana anachokisema kipo, ila amekisemea mti mwingine. Muyonza una ndugu katika ukoo mmoja, anaitwa msunguti, na huyo ndiye mti wa mishale. Nao unaota Uganda, hasa sehemu kavu. Majani yake yanang'aa kama ya muyonza na yamepangwa mawili mawili yakitazamana. Maua ni meupe yenye wekundu, yananukia vizuri. Tunda linaanza kijani, linakuwa jekundu, linaishia zambarau iliyokaribia weusi. Ukivunja jani, yote miwili inatoa utomvu mweupe, kwa hiyo kipimo cha utomvu ambacho watu wanapenda kukitumia hakina maana hapa.

Kipimo ni mwiba. Shika tawi kwa uangalifu utazame pale majani mawili yanapokutana na kijiti. Kwenye muyonza utakuta miiba migumu, iliyonyooka, mingine imegawanyika nchani, mirefu kiasi cha kupenya ndala. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Maua yake nayo hayakai nchani kama ya muyonza, yanajibana makwapani mwa majani, kijiti kizima. Wafundishe wajukuu: pasipo na mwiba hatuli. Na wafuate tawi lenyewe lenye tunda mpaka waone mwiba wake, wasitosheke kwamba kichaka kina miiba, kwa sababu miti hii miwili inaweza kuota imeshikana na tawi la msunguti likachomoza katikati ya muyonza. Hata la muyonza wenyewe, wale lililoiva likawa jeusi na laini. Lile la kijani waliache.

Pita wigo wako wote siku moja asubuhi. Ukikuta shina lisilo na mwiba, ling'oe na mizizi, unawe mikono, na vijiti vyake visifike jikoni. Narudia kwa wapenda muchomo: usichonge kijiti cha nyama kutoka kwenye mti usioujua. Sumu ya msunguti hupiga moyo, na miti ya jamii hiyo imeshaua watu waliochomea nyama kwa vijiti vyake.

Kuna panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu meusi na meupe, anayetafuna magome ya msunguti kisha akajipaka mate yake mbavuni. Mbwa akimng'ata, mbwa ndiye anayeumia. Jambo hilo lilichapishwa na wanasayansi mwaka 2011, mmoja wao Jonathan Kingdon, yule aliyefundisha sanaa Makerere miaka ya 1960. Panya anaujua msunguti, Afande, na mjukuu wako ataujua.

Bibi, shikamoo. Niko Arua. Nilikwenda Mbarara kumwona dada, tukala matunda ya muyonza, nikabeba mbegu. Nikaziosha, nikazianika juu ya bati mpaka zikakauka kabisa, nikazitia kwenye chupa nikisubiri mvua. Nimepanda chupa nzima, hakuna hata moja iliyoota. Je, ardhi ya huku haifai?

Marahaba mama. Arua inafaa sana, muyonza si mti wa kudeka. Ila mbegu zako zilikufa kwenye bati. Mbegu ya muyonza haitaki jua kali wala haitaki kungoja. Inatoka kwenye tunda inaingia kwenye udongo.

Safari nyingine beba matunda yenyewe, usibebe mbegu. Chagua meusi, yaliyolainika. Ukifika nyumbani yaponde kwa mkono ndani ya beseni la maji. Pakaa mafuta ya kula viganjani kwanza, la sivyo ule utomvu utagandamana na vidole mpaka kesho. Kila tunda lina mbegu chache tu, bapa. Zioshe mpaka utelezi uishe, zitandaze kivulini juu ya gazeti zipungue maji, kisha zipande ndani ya siku chache. Mimi natumia viriba vya nailoni vyenye udongo wa juu uliochanganywa na mchanga na mbolea ya mbuzi iliyooza. Mbegu naifukia kidogo tu, naweka nyasi kavu juu na kumwagilia kwa mkono. Hakikisha kiriba kina matundu chini, maana mbegu ikikaa kwenye matope inaoza.

Miche itakuudhi kwa uvivu wake mwanzoni. Usiihamishe ikiwa na majani manne. Ingoje ifike urefu wa shibiri na zaidi, na uitoe mvua ikishakaa, siyo ile ya kwanza inayodanganya. Kwa wigo, acha nafasi ya hatua ndogo kati ya mche na mche. Kwa matunda, acha hatua mbili kubwa au tatu, kila kimoja kipate jua lake. Izungushie matawi makavu ya miiba kwa msimu wa kwanza, kwa sababu mbuzi wanapenda sana majani machanga ya muyonza.

Kama huna subira ya mbegu na una jirani mwenye mti mzuri, omba tawi la chini. Usilikate. Linamishe likiwa bado kwenye mti, likwaruze kidogo tumboni, lifukie pale palipokwaruzwa na uweke jiwe juu. Likishika mizizi ndipo unalitenganisha na mama yake.

Bibi Shamba, nimeuziwa mche wa "tunda la muujiza" hapa Kampala kwa bei ya kuku wawili. Muuzaji anasema mama yangu mwenye kisukari akila hilo tunda atapona. Majani yanakauka kwenye ncha. Niko Kibuli.

Mwanangu, tuanze na mama. Aendelee na dawa zake na kliniki yake. Hilo tunda haliponyi kisukari. Ndani yake mna protini inayoshika ulimi, na kwa nusu saa hadi saa moja au zaidi ukinyonya limau unalisikia tamu. Limau halikubadilika, ulimi ndio uliodanganywa. Anaweza kulila akafurahia ukwaju bila sukari, na hapo ndipo faida yake inapoishia. Muuzaji aliyekuambia zaidi ya hapo alikuwa anauza mche.

Mche wenyewe ni halali, asili yake Afrika Magharibi, huko Ghana na Nigeria na majirani zao. Ni kichaka kinachotaka udongo wenye asidi. Nakuuliza: umeutilia majivu? Karibu kila nyumba ninayoingia mtu amemwaga majivu ya jiko kwenye shina la kila kitu, migomba na maua na mboga. Mgomba utakushukuru. Huu mche utaumia, kwa sababu majivu yanaua asidi ya udongo. Uhamishie kwenye ndoo yenye matundu, ujaze udongo mweusi wa msituni uliochanganywa na majani yaliyooza, uumwagilie maji ya mvua uliyokinga, na uuweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ncha zilizokauka hazitarudi kuwa kijani, tazama majani mapya. Matunda ya kwanza usiyatarajie kabla ya miaka mitatu au minne. Tunda ni jekundu, refu kidogo, lina mbegu moja.

Bibi, mimi nina shamba Ntungamo lenye muyonza wa zamani. Mganga wa mitishamba amekuja mara kadhaa kutaka mizizi. Nimruhusu?

Mizizi ya muyonza inatafutwa kweli, na tangu zamani watu wanaichemsha, wengine wanaitia kwenye supu ya nyama. Kuhusu inatibu nini na kwa kipimo gani, mimi ni mtu wa miche, siingii huko. Kuhusu mti: akichimba shina lote kuzunguka, umeshaupoteza. Mwonyeshe upande mmoja tu, achukue mizizi ya pembeni isiyozidi unene wa kidole gumba, asiguse ule mkuu unaoshuka chini, na asirudi kwenye mti huohuo mpaka mwaka upite. Akulipe kabla hajashika jembe. Na shimo alifukie siku hiyohiyo, akanyage udongo kwa mguu, mwage jerikeni moja ya maji.