Hadithi za kutisha kutoka zamu ya usiku

Wanangu,

Mmeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Niwatajie hadithi za kutisha za kusoma wiki hii ya Halloween, sikukuu ya huku ya mizuka, halafu niwaambie kama ni kweli jioni zangu huku ni kiti cha dirishani, kahawa na kitabu, majani mekundu yakipukutika nje. La kwanza nawajibu kwa furaha. La pili limenikera. Aliyewaletea picha hiyo namjua, na yeye pia akitoka kazini hana nguvu ya kuvua viatu.

Mimi husoma saa tisa usiku, kwenye nyumba ya wazee hapa karibu na Lowell, Massachusetts, Marekani, nimeketi kwenye kiti cha plastiki ukumbini kati ya raundi moja na nyingine. Raundi ni kumgeuza mtu mzima asiyeweza kujigeuza, kila baada ya saa mbili, mgongo usije ukafanya vidonda. Unambadilisha pampasi, unamfunika, unakwenda kwa mwenziwe. Yupo bibi mmoja akiniona mlangoni hupiga kelele nisimguse kwa mikono yangu myeusi. Nusu saa haijapita, anaishika mikono hiyohiyo na kuniita kwa jina la bintiye. Yote mawili namjibu kwa sauti ileile ya upole, kwa kuwa nalipwa kwa hilo. Basi mjue vitabu ninavyowatajia nimevisomea mahali gani.

Anzeni na "The Monkey's Paw" ya W. W. Jacobs, ya mwaka 1902. Ni fupi, mtaimaliza kabla wali haujakauka maji. Mzee White na mkewe wamebakiwa na mtoto mmoja, Herbert. Askari aliyetoka India anawaachia kiganja cha nyani kilichokauka, ambacho humtimizia mtu haja tatu. Mzee anakishika na hajui aombe nini. Herbert mwenyewe ndiye anayemwambia: omba pauni 200, umalize deni la nyumba. Kesho yake Herbert anakwenda kazini, mashine inamnasa, anakufa. Mtu wa kampuni anakuja nyumbani kuwaeleza wazee kwamba kampuni haikubali lawama yoyote, lakini kwa utumishi wa kijana wao imeona iwape kitu. Kile kitu ni pauni 200.

Yanayofuata, mlango unapobishwa usiku, sitawaharibia. Nataka tu muangalie hapo kwenye pesa. Wengi husema kisa hiki ni cha tamaa, nami siioni hiyo tamaa iko wapi. Mzee hakuomba utajiri, aliomba deni liishe. Kinachonitisha ni kwamba aliyetaja kiasi ni mtoto. Hata mimi, hakuna aliyenilazimisha. Nilisimama uani kwa mama nikasema nyumba hii nitaiezeka mabati, na watoto wa kaka yangu hawatarudishwa nyumbani kwa karo. Sasa pesa inaingia kwenye simu, mnashukuru Mungu, na sijasikia hata mmoja akiuliza imetoka kwenye kiungo gani cha mwili wangu. Imetoka kiunoni. Wanaofanya kazi hii ya kunyanyua watu wengi wao huumia hapo.

Kwa hiyo msiniombe tena michango ya harusi za watu nisiowajua. Karo niambieni mapema, mwezi mmoja kabla, msinishtue. Na la nyanya yenu likitokea, nipigieni saa yoyote, hata mkijua nimelala.

Cha pili ni "The Haunting of Hill House" ya Shirley Jackson, ya mwaka 1959. Hiki ndicho kilichonikalia vibaya kuliko vyote. Eleanor ana miaka 32, na miaka 11 ya maisha yake ilikwisha akimuuguza mamake. Usiku mmoja mama aligonga ukutani akitaka dawa, na Eleanor hakuamka. Au pengine aliamka akalala tena. Mwenyewe hana hakika, na hatakuwa nayo. Sasa amealikwa kwenye jumba ambalo usiku kitu kinagonga milango na kuta, kinapita chumba hadi chumba. Pigo la kwanza la hofu halimpati pale wenzake wanapopiga kelele. Linampata anapozinduka usingizini akiitikia kwamba anakuja, akidhani ni mamake.

Mimi nikilala mchana huisikia kengele ya wagonjwa, na ninaponyanyuka kitandani huwa siendi kwa yule bibi wa Lowell. Huwa nakwenda kwa nyanya yenu. Nageuza mama za watu kwa dola, na wa kwangu anageuzwa na nani? Na nyinyi, najua, na sijawashukuru inavyopasa. Asanteni.

Hill House msikisome usiku. Hapana, kisomeni usiku, mchana hakina nguvu, ila mlale chumba kimoja. Jumapili ya kwanza ya Novemba huku saa hurudishwa nyuma, na sisi wa zamu ya usiku tunaongezewa saa nzima gizani. Nitakirudia usiku huo.

"Dracula" ya Bram Stoker, ya 1897, ni ndefu na katikati inachosha, lakini sura nne za mwanzo msizikose. Sinema zimewaonyesha meno na damu. Kitabuni mtakuta bwana wa ugenini anayejiandaa kuhama. Ana vitabu vya Kiingereza, ana ramani ya Uingereza, amemwita wakili kumnunulia nyumba, na anamsihi huyo wakili amsahihishe matamshi, asije akafungua kinywa barabarani watu wakajua ni mgeni. Anasafiri na masanduku 50 ya udongo wa kwao, maana bila udongo huo hapati mapumziko. Ni muuaji, simtetei. Lakini ukurasa ule wa matamshi niliusoma nikafunga kitabu, kwa sababu na mimi kila nikipiga simu kuuliza karatasi zangu zimefikia wapi huwa najizoeza sentensi kwanza jikoni.

Na wewe unayetaka kuja mwakani: usije. Ukija, njoo na cheti cha uuguzi mkononi, na koti usinunue huko, halitafaa. Kitanda kipo.

Kuna moja nataka muisome pamoja, kwa sauti, na babenu awepo. Ni "Young Goodman Brown" ya Nathaniel Hawthorne, ya 1835. Salem haiko mbali na hapa. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa huko kwa kuitwa wachawi, na mzee Giles Corey akagandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Babu mmoja wa Hawthorne alikuwa miongoni mwa mahakimu. Siku hizi kila Oktoba watu humiminika Salem wamevaa kofia za kichawi, wananunua peremende. Siendi, na wenzangu wakinialika nakataa. Hadithi yenyewe ni ya kijana anayeingia msituni usiku, anawaona wazee wote wa kijiji, hata mkewe, kwenye mkutano wa shetani, na tangu siku hiyo hamwamini mtu hadi anazikwa. Kama aliota, hatuambiwi.

Mnajua kwa nini nawaambia. Hapo Kilifi wazee wanauawa kwa mvi zao, wanaitwa wachawi, na mara nyingi chini ya neno hilo kuna shamba. Nyanya yenu ana mvi na ana shamba. Mtu akianza maneno ya namna hiyo kumhusu, hata kwa mzaha, hata awe ndugu, sitaki niwe wa mwisho kuyasikia.

Msiniombe kutuma vitabu, posta ni ghali kuliko vitabu vyenyewe. Jacobs, Stoker na Hawthorne wako bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Jackson azimeni. Na msidharau vya nyumbani: "Babu Alipofufuka" ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, ina mzuka unaomjia mkubwa mmoja fisadi. Nyanya yenu macho hayaoni tena maandishi, msomeeni "Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammed Said Abdulla, anampenda Bwana Msa, yule mpelelezi wake, tangu ujana. Someni mchana, asije akalala na hofu. Akitaka usiku, someni usiku.

Pesa ya dawa imetoka leo asubuhi. Ya simu mpya sitatuma.

Shangazi yenu