Mashine ya kubana lagi: mambo ya kuzoea mapema

Wewe unayeanza kazi ya kebo, mashine ya betri ya kubania lagi (kipande cha metali kinachobanwa kwenye ncha ya kebo ili iunganishwe) utaipenda siku ya kwanza. Unabonyeza kitufe, mota inaendesha pampu, oili inasukuma pistoni, kalibu mbili (vipande vinavyoibana lagi na kuipa umbo) zinakutana, presha ikitimia valvu inafunguka na pistoni inarudi. Shida ni kwamba ikichoka haikwambii. Inaendelea kubana, ila pungufu. Lagi kwa macho ni safi kabisa, lakini umeme ukipita, kiungo kinapata moto, kinalegea, mwisho ganda la kebo linaungua.

Kabla ya kushika chochote, toa betri. Taya hizi zina nguvu ya tani 6, nyingine 12, na kidole hakina ubishi nazo.

Macho yako yawe kwenye kalibu. Lagi nyingi za alumini huja na grisi yenye chembechembe za kukwangua kutu ya alumini. Ukibana, grisi hiyo inatoka pembeni, inachanganyika na unga wa chuma, inaganda kwenye pembe za kalibu. Siku ya pili kalibu hazikai sawasawa kwenye kitako chake. Basi kila jioni piga brashi, futa kwa kitambaa kikavu, paka oili nyepesi kidogo sana. Usitumie tupa hata mara moja: ukilainisha pembe umebadilisha kipimo. Lagi ikitoka na mapezi ubavuni, yaani kingo nyembamba zilizochomoza, ama umechagua kalibu isiyo yake, ama kalibu imelika. Ikilika, badilisha zote mbili.

Shingo ya pistoni nayo futa, maana vumbi ndilo linalokata sili, kile kizuizi cha oili isivuje. Ukiona oili inavuja, acha kazi. Usitafute tundu kwa kidole. Presha ya ndani inaweza kufika bar 700 hivi, na oili ya namna hiyo inatoboa ngozi. Valvu usiiguse, imepimwa kiwandani. Hiyo ni kazi ya mafundi wenye vifaa vya kupimia.

Pini ya kichwa iingie mpaka mwisho. Ikaguliwe kwenye mwanga pamoja na sehemu iliyopinda ya kichwa; ufa mdogo kama unywele unatosha kuiweka mashine pembeni.

Betri haina mengi. Ikiwa ya moto, iache ipoe ndipo uichaji. Ukiihifadhi muda mrefu, iwe na chaji kama nusu, mahali pakavu pasipo joto. Ikikatika katikati ya kubana, usiihesabu lagi hiyo: weka betri iliyojaa, rudia mpaka mashine iachie yenyewe.

Mimi huwa nabana lagi moja ya majaribio kabla ya kazi kubwa, napima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), nalinganisha na jedwali la mtengenezaji wa lagi. Ikizidi kipimo, kwanza nakagua kalibu. Zikiwa nzima, mashine inapelekwa kupimwa presha, hata kama taa ya sevisi haijawaka.