Ng'ombe Anayezuia Maziwa Ana Hofu, Si Mkaidi

Msomaji mmoja wa Bahi ameniandikia wiki hii akiuliza ni wapi mjini Dodoma anaweza kupata sindano za oksitosini, homoni inayoshusha maziwa, kwa sababu ng'ombe wake chotara, aliyezaa hivi karibuni, hupiga ndoo teke na kutoa maziwa yasiyofika hata nusu ya alivyotarajia. Jirani amemwambia kwamba ng'ombe huyo ni mkaidi, na kwamba dawa ya mkaidi ni kamba, fimbo na sindano. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa wengi wetu tuliokopa fedha ili tufuge ng'ombe wa maziwa katika ukame wa huku kwetu tumekutana na jambo hilo hilo, na kwa kuwa ushauri wa namna hiyo umeniumiza kwa miaka mingi.

Maziwa hayakai yote juu ya chuchu yakisubiri kuvutwa. Kwa ng'ombe wa maziwa, takriban sehemu moja tu kati ya tano ndiyo iliyo tayari kutoka. Iliyobaki imo ndani ya vifuko vidogo mno vya kiwele, nayo haishuki mpaka ubongo utoe amri. Chuchu zinapopapaswa, au ndama anaponyonya, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye ubongo, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huachia oksitosini kwenye damu, na baada ya dakika moja hivi homoni hiyo huvifanya vifuko vibanwe na maziwa yashuke. Ng'ombe akiogopa, mambo hugeuka: ubongo hushindwa kuachia oksitosini ya kutosha, na adrenalini, homoni ya hofu inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo hubana mishipa ya damu ya kiwele, kiasi kwamba hata oksitosini kidogo iliyopatikana haifanyi kazi yake sawasawa. Mnyama huyo hakukusudia kukunyima chochote.

Haya niliyajua kwa Nyemo, ng'ombe niliyemnunua kwa mfugaji mmoja wa Kongwa, ambaye alimuuza kwa bei ya chini akisema hana faida. Alipofika bandani kwangu hapa Nala, ilitosha mtu yeyote apite na fimbo mkononi: mkia ulibana katikati ya miguu, weupe wa jicho ulitokeza, ngozi ya ubavuni ilitetemeka kana kwamba imetuliwa na nzi, kisha akaharisha pale pale alipofungwa. Nilipiga marufuku fimbo ndani ya banda. Nikachagua mkamuaji mmoja tu, mwenye sauti ya upole, na mimi mwenyewe nikawa nakaa karibu na hori jioni wakati Nyemo akila mashudu ya alizeti, bila kumgusa mpaka yeye mwenyewe aliponinusa mkono. Ndama tulimfunga mbele yake ili amrambe wakati wa kukamuliwa, na kiwele tukakiosha kwa maji ya uvuguvugu bila haraka. Asubuhi moja alianza kucheua huku anakamuliwa, akiwa amelegeza masikio. Kuanzia hapo maziwa yake yaliongezeka, naye akawa ng'ombe bora kuliko wote niliokuwa nao.

Nilipoyaeleza hayo kwenye mafunzo ya wafugaji, mwezeshaji alinikatiza mbele ya ukumbi mzima na kusema kwamba ninawavisha wanyama mambo ya binadamu. Watu walicheka. Bado ninalikumbuka donge lililonikaa kooni siku ile, na ndilo lililonifanya nisome zaidi.

Jaak Panksepp, mwanasayansi mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Marekani hadi alipofariki mwaka 2017, alionyesha kwamba mifumo ya hofu, hasira, malezi, mchezo na uchungu wa kutenganishwa imo katika sehemu za ndani kabisa za ubongo, sehemu ambazo sisi na mamalia wengine tumejaliwa kwa namna inayofanana sana. Mwaka 1999 Jeffrey Rushen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu ng'ombe waliozoeshwa mtu mmoja mpole na mwingine mkali. Yule mkali aliposimama karibu wakati wa kukamua, maziwa mengi zaidi yalibaki kwenye kiwele. Ng'ombe walimtambua mtu yule, na miili yao ikaitikia. Ninayataja haya kwa fahari, kwa sababu Nyemo alikuwa amekwisha kunifundisha.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Bahi, usianze na sindano. Oksitosini ina matumizi yake ya kitabibu chini ya daktari wa mifugo, lakini ukimchoma ng'ombe kila anapokamuliwa, mwili wake huizoea, na siku utakapoacha ataachia maziwa kwa shida kuliko mwanzo. Kwanza mwite daktari akague kama kiwele kina ugonjwa, kwa sababu maumivu nayo huleta mateke. Kiwele kikiwa kizima, ondoa fimbo, kelele na mbwa, weka mkamuaji yule yule na saa zile zile, na akishaachia maziwa mkamuaji asikatize kazi kwenda kupokea simu, kwa maana oksitosini haidumu kwenye damu zaidi ya dakika chache. Tuache, wafugaji wenzangu, kumpiga kiumbe ambaye ndiye anayelipa ada za watoto wetu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo, na dhamiri ya mtu ilipaswa kuukataza kabla ya sheria.

Umeniambia pia kwamba unaye mtamba mwenye mimba. Huyo anza naye sasa hivi: mpitishe mahali pa kukamulia kila siku, mpe pumba hapo, mpapase mgongo, kisha tumbo, na baadaye kiwele, ili siku atakapozaa mkono wako usiwe mgeni kwake.