Mtoto wa miezi minne kaongezeka gramu 100 tu: anzia kwenye mizani

Dada wa Uyole, Mbeya, pole na wasiwasi. Umesema binti yako kliniki ya Mei alikuwa kilo 6.0, Juni kilo 6.1, nesi kakuambia uzito hausogei, na majirani wanakuhimiza uanze uji. Uji usimpe. Kwanza tujue kama hiyo 6.1 ni ya kweli.

Mizani ya saa ile ya kuning'iniza ina alama kila gramu 100. Yaani kinachokunyima usingizi ni kijistari kimoja, na mtoto akirusha miguu mshale unaruka vijistari viwili vitatu. Kabla hajawekwa, kaptula ya kupimia itundikwe tupu, mshale urudishwe kwenye sifuri. Foleni ikiwa ndefu, hatua hii ndiyo inayorukwa. Anayesoma naye asimame macho yakiwa usawa wa mshale, asisome kwa chini.

Halafu nguo, na hapa ndipo huku kwetu tunakosea sana. Kuanzia Mei baridi inakaza, mtoto anapimwa na sweta, kofia ya sufu, soksi na nepi iliyoloa. Mzigo huo unafika nusu kilo kirahisi. Kama Mei alipimwa kavaa na Juni kavuliwa, basi kaongezeka vizuri ila kadi haionyeshi. Mvue akibaki mtu mmoja mbele yako, mfunike kwa kitenge kifuani pako, atoke hapo moja kwa moja hadi kwenye mizani. Fanya hivyo kila mwezi.

Kilo 6.1 kwa binti wa miezi minne si uzito mbaya. Wa katikati ni kama 6.4. Cha kuangalia ni mstari wa ukuaji kwenye kadi unaelekea wapi. Kati ya mwezi wa tatu na wa nne mabinti wengi huongeza karibu nusu kilo, kwa hiyo gramu 100, kama ni za kweli, ni chache. Usisubiri mwezi mzima: rudi baada ya wiki mbili, mizani ile ile, mtoto kavuliwa vile vile.

Kwa wiki hizo mbili shughulika na ziwa. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Amalize ziwa moja ndipo umpe la pili, kwa sababu maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Nepi zinazoloa zikifika sita kwa siku, maziwa anapata. Ukishinda shambani, kamua kabla ya kutoka, anayebaki naye ampe kwa kikombe safi ndani ya saa nne. Uji mwepesi wa sembe unajaza tumbo kwa maji. Akishiba hanyonyi, na asiponyonya maziwa yako yanapungua. Ndiyo maana wengi wanaoanzishwa uji mapema ili wanenepe wanazidi kupungua. Akitimiza miezi sita, hapo sawa: uji mzito usiochuruzika kwenye kijiko, vijiko viwili vitatu, pamoja na parachichi au maharage yaliyopondwa.

Asiponyonya kabisa, akitapika kila kitu, akilegea, akipata degedege au akipumua mara 50 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia, nenda siku hiyo hiyo, hata usiku.

Jambo moja nakusihi: omba apimwe na urefu. Mikoa jirani ya Iringa, Njombe na Rukwa ina udumavu (watoto kuwa wafupi kuliko umri wao) mkubwa nchini, wakati chakula tunalima wenyewe. Mtoto anaweza kuwa na uzito wa kuridhisha huku urefu umebaki nyuma, na mizani haikuambii. Anapimwa amelala kwenye ubao, mmoja ameshika kichwa, mwingine amenyoosha magoti na kusogeza kibao hadi nyayoni. Futi ya fundi cherehani juu ya kitanda haifai. Kipimo kiandikwe kwenye kadi hapo hapo, kabla hujamfunga mtoto mgongoni.