Re: Hilux imezima mlimani, fundi anataka tubadilishe injini
Pole sana ndugu. Usinunue injini kabla hujajua hiyo imeuawa na nini. Umesema 3L yako, yaani injini ya dizeli ya Hilux, ilipanda joto, ikazima, na sasa starta haiizungushi. Vuta stiki ya oili kwanza. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: mara nyingi gasketi ya hedi imeungua au silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) imepasuka. Kisha toa nozo zote (zinazopulizia dizeli kwenye silinda), zungusha kranki, mhimili mkuu wa injini, taratibu kwa spana. Ikizunguka na maji yakatoka kwenye tundu la nozo, silinda ilijaa maji tu, injini haijanoki, yaani haijakwama. Ikigoma, fungua sampo (bakuli la oili chini ya injini) utazame beringi za kranki. Yangu nilikuta vipande vyembamba vinang'aa ndani ya oili nyeusi. Nilihuzunika kweli, lakini nilipata jibu: beringi zimeliwa. Hedi ipimwe ufa kwa presha kabla ya kuchongwa, yaani kusawazishwa uso wake.